Vidonge Vyeupe Ambavyo Sikukupa

Mama,

Mama mdogo amekutwa na uvimbe kwenye titi kama wako. Ametuma ujumbe kutoka Handeni kwamba anataka mimi ndiye nimpeleke kliniki, "kama ulivyomuuguza dada." Nimeusoma, nikashika kalamu nikuandikie.

Unakumbuka uliponiuliza vile vidonge vyeupe viko wapi? Nikakwambia daktari amesema tuviache. Ukanijibu, "Haya mwanangu, wewe ndiye unayejua kusoma." Ukanywa uji wako, ukalala. Mama, daktari hakusema hivyo. Ni mimi. Vipo hapa Ngombezi, chini ya godoro langu.

Nilijiona mjanja. Mwanzoni tuliambiwa ugonjwa wako unalishwa na homoni, ukapewa dawa ya kuunyima homoni hiyo. Ugonjwa ukawa sugu, dawa ikashindwa. Kisha wakatuandikia dripu za kemo, ile dawa kali ya saratani, na pamoja nazo vile vidonge vyeupe, vya homoni ileile! Nikasema moyoni, hawa wanataka kuniulia mama. Wala sikuuliza. Foleni ilikuwa ndefu, daktari ana haraka, nikaogopa kuonekana mshamba. Dripu nilikupeleka zote. Vidonge nikavificha.

Juzi ndiyo nimemuuliza muuguzi. Akanieleza taratibu kwamba seli za saratani zikishazoea kunyimwa homoni, wakati mwingine kurudishiwa ndiko kunakozidhoofisha, na kemo ikapata nafasi ya kuzimaliza. Akasema pia haimsaidii kila mtu, huenda usingepona. Nilitaka hilo linitulize. Halikunituliza, maana sitajua kamwe.

Siku tunakuzika, kabla jeneza halijatoka, shekhe aliuliza kama yupo uliyemkosea, akusamehe. Uwanja mzima ukaitikia kwamba wamesamehe. Wewe uliyekosewa hakuna aliyekuuliza. Mimi nilikuwa ndani na akina mama wananipapasa mgongo, "Huyu ndiye binti, kamuuguza mamake mpaka mwisho." Nikainamisha kichwa. Wakadhani nalia tu.

Ijumaa nakwenda Handeni. Nitamwambia mama mdogo yote kabla sijashika daftari lake la kliniki. Akinifukuza, ana haki. Akinikubali, nakuahidi nitauliza kila kidonge ni cha nini na kwa nini, hata foleni nzima inicheke.

Kwaheri, mama yangu. Nisamehe. Msamaha huu nilipaswa kukuomba ungali na uwezo wa kuninyima.

Mwanao,
Mwanahawa