Maji Hayakufika Jarar

Jumanne, 10 Juni

Joto la kuchemsha ubongo. Feni ya studio imekufa tena, kipindi cha wakulima nimekisoma huku jasho linadondokea karatasi. Lakini leo habari njema! Ofisi ya umwagiliaji imeleta tangazo: maji yataachiwa mfereji mzima, Alhamisi yatafika mpaka mwisho kabisa, mpaka kwetu Jarar. Wakulima wang'oe miche ya mpunga vitaluni, wajiandae kupandikiza.

Nimelisoma, nikalirudia. Chetan, fundi mitambo wetu, ananicheka nyuma ya kioo – eti leo nasoma kama bibi harusi. Acha acheke! Mwaka jana Jarar hawakuvuna hata punje.

Bibi mmoja kapiga simu tukiwa hewani. Mwanangu, una uhakika? Mche ukishang'olewa haurudi ardhini. Nikamwambia bibi, ng'oa, ofisi imesema.

Baada ya kipindi kapiga Mehrab, mdogo wangu. Ameshaingia kitaluni na mkewe. "Dada, ukisema wewe inatosha." Siku nzima nimetembea kama nimekunywa sherbeti.

Alhamisi, 12 Juni

Maji hakuna. Nimepiga ofisini, wananiambia yako njiani. Njia gani? Mehrab anasema miche wameifunga mafungu, wameilaza kivulini, wanainyunyizia maji ya kunywa.

Ijumaa, 13 Juni

Wamekuja baada ya sala ya Ijumaa. Matrekta yamejaa watu wa Jarar. Nawajua wote, wengine walinibeba mabegani nikiwa mdogo. Jiwe la kwanza limevunja kibao cha redio. La pili limempata Chetan juu ya jicho, damu ikamwagikia mitambo yake, naye anaifuta mitambo kwanza badala ya uso!

Wasayo akaingia mpaka studio. Wasayo jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mkononi fungu la miche, ya njano, imelegea kama nywele za maiti. "Kula! Si ulisema tung'oe? Kula sasa, mtaalamu!" Nikadhani ni maneno. Akanishika taya, akanishindilia mdomoni, matope na mizizi. Nilipotema akanizaba kofi. Sikio la kushoto linalia mpaka sasa ninapoandika.

Mehrab alikuwa mlangoni. Nilimwona. Alisimama tu. Walipoondoka alibaki nyuma kidogo, akaniambia nisije nyumbani kwa sasa. Basi. Hata pole hakuna.

Nitalala chumba cha nyuma cha stesheni. Nimesukutua mdomo, nimesukutua tena, tope haliishi.

Jumamosi, 14 Juni

Chetan kaja na pikipiki, kichwa kimefungwa bandeji kama kilemba. "Panda. Kama watu wananipasua kichwa, angalau nijue sababu." Tukaufuata mfereji kwenda juu.

Mpaka lango la maji la Gul Sher, bwana mwenye mashamba, tunayemwita Wadero. Ardhi yote ya huku juu ni yake, hata polisi wanamsalimia kwa kuinama. Lango limefungwa kwa kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Upande wa juu maji yamejaa pomoni. Upande wa chini, wetu, tope lililopasukapasuka na mbwa aliyekufa. Na ukingo umetobolewa! Mabomba mapana, mtu mzima analala ndani, yanavuta maji kwenda kwenye miwa yake na mabwawa yake ya samaki. Samaki wanaogelea, sisi tunanyunyizia miche maji ya kunywa.

Mlinzi wa lango ni Mzee Khamiso, mtu wa serikali. Tulimkuta kibandani, juu ya kitanda cha kamba, mkono wa kulia umevimba kama boga. Ilikuwa hivi: Jumatano aliagizwa na ofisi afungue. Akaenda kufungua. Watu wa Gul Sher wakamkamata, wakauingiza mkono wake kwenye meno ya gurudumu la lango, wakazungusha. Kisha wakaweka kufuli lao, ufunguo wakamtumbukizia mfukoni wakicheka. Endelea kuwa mlinzi, mzee. Ukithubutu kulifungua, tutazungusha na kichwa.

Anahadithia bila kulia. Vidole vimegeukia kila upande, sikuweza kuviangalia. Binti yake Sabhagi alituletea maziwa mgando, akasimama pembeni, ananitazama usoni muda wote.

Tulipoinuka Mzee Khamiso akanishika upindo wa mtandio kwa mkono ule mzima. "Usinitaje, mwanangu. Jina langu lisipite redioni. Huyu binti hana mtu mwingine." Nikamwapia.

Jumapili, 15 Juni

Meneja wa stesheni kagoma kuturuhusu tuyatangaze ya langoni. Sisi ni redio ya mbegu na mbolea, Sughra, si redio ya kutafutia watu risasi.

– Na tangazo la maji? Lile si kilimo?

– Lile tulishalisoma.

– Lilikuwa uongo!

– Basi nyamaza, usiongeze.

Kaondoka kwenda kwa wakwe zake Hyderabad, hatakuwepo kesho. Chetan anamenya kitunguu, hanitazami. "Mitambo nawasha mimi," kasema. "Kusoma ni juu yako."

Jumatatu, 16 Juni

Nimesema. Nilisema maji yapo, nimeyaona kwa macho yangu, yanaishia lango la Gul Sher, yananywesha miwa yake na kujaza mabwawa yake ya samaki. Tangazo la Jumanne lilikuwa la uongo na lilipitia kinywani mwangu, nisameheni. Nendeni kwa mkuu wa wilaya, nendeni wote, na miche yenu mkononi, mkaimwage mezani kwake.

Mzee Khamiso sikumtaja. Niliapa.

Hakuna aliyekwenda kwa mkuu wa wilaya. Adhuhuri walikuwa langoni na mashoka! Tulisikia milio kutoka huku, Chetan akadhani ni fataki za harusi. Bunduki za Gul Sher zilikuwa juu ya paa la nyumba ya pampu. Wasayo alikuwa mbele ya wote, analikata kufuli kwa shoka, cheche zinaruka. Anapiga na kupaza sauti: maji yapo, dada Sughra kayaona! Risasi ikampata shingoni. Akaangukia upande wa juu, upande wenye maji. Walimvuta kwa miguu, mfereji umekuwa kama chai.

Wengine wawili wamevunjwa miguu kwa risasi. Wasayo kafa kabla ya kufika barabarani.

Sikio bado linalia. Ni kofi lake.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda mazishini, liwalo na liwe. Wanawake wameketi uani, kilio kinapanda na kushuka. Nilipoingia kikakatika. Wakanipisha njia kama wanampisha mgonjwa wa ndui.

Hanifan, mke wa Wasayo, kaketi chini, bangili zake keshazivunja kama wajane wa kwetu, mikono yote michubuko. Nikapiga magoti. Akanitazama. "Alikuamini mara mbili," akasema. Akageukia ukuta.

Nje wanaume wananoa mashoka. Hawajifichi. Mehrab yumo, kavaa shati jeupe la msiba. Nikamwita, hakugeuka. Wanasema Gul Sher kakimbilia Karachi na bunduki zake zote zimefuata. Basi mnamnolea nani? Wakaendelea kunoa.

Jumatano, 18 Juni

Mzee Khamiso.

Andika, Sughra. Andika!

Walimwendea jana alasiri. Bunduki zimekimbia, mwenye mali kakimbia, aliyebaki ni mzee mwenye ufunguo mfukoni. Chetan kaelezwa na muuza chai wa pale darajani, jirani na lango, aliyeona mwanzo mpaka mwisho. Wakamvuta nje ya kibanda. Wakapekua, ufunguo huu hapa! Unao, kwa nini hukufungua? Mtu kafa, kwa nini hukufungua? Akawaonyesha mkono. Wakasema alimzuia Wasayo langoni, Wasayo akauvunja akijitetea. Akawaambia muulizeni binti wa redio, alikuja hapa, anajua. Akasema hivyo tena na tena – muulizeni binti wa redio.

Hakuna aliyeniuliza. Simu yangu ilikuwa mezani, imewashwa, siku nzima. Ilikuwa mezani!

Walitumia mipini ya mashoka. Muuza chai anasema sauti ilikuwa kama watu wanaopura mpunga. Kisha wakamtupa mferejini, upande wetu, upande mkavu.

Mehrab alikuja kwangu hapa stesheni jana hiyohiyo, jua linazama. Nilimsikia bombani uani, ananawa, ananawa tu. Shati jeupe kalivua, kalikunja chini ya kwapa. Akaingia, akaketi. "Dada, msaliti tumemalizana naye." Tangu Ijumaa hakuwa ameniita dada. Akaomba chai.

Nikamwambia. Yote. Mkono, gurudumu, kufuli la nani, ufunguo uliingiaje mfukoni. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Halafu akatoka, akatapika mlangoni. Nikamfuata, nikamshika bega, maana ni mdogo wangu, nimemlea mimi baada ya mama kufa. Akageuka akanikaba.

"Kwa nini hukumtaja?"

Sikuweza kujibu, amenibana koo. Kichwa changu anakigonga ukutani kwa kila neno. Kwa nini. Hukumtaja. Ulitaja maji, ulitaja miwa, ulitaja samaki! Chetan akaja na chuma cha antena, akampiga mgongoni, ndipo akaniachia. Akakaa chini anakohoa kama yeye ndiye aliyekabwa.

Aliondoka bila shati. Kabla ya kutoka akasema, sauti ndogo kabisa: redioni usiseme. Tafadhali, dada. Usiseme.

Polisi wamesema wauaji hawajulikani. Meneja karudi, kasema nisome hivyohivyo. Nimesoma hali ya hewa na namna ya kuzuia funza wa pamba. Sauti imekauka, wasikilizaji wamepiga simu kuniuliza kama nina mafua.

Alhamisi, 19 Juni

Askari wamevunja kufuli asubuhi na mapema, maana ufunguo hakuna anayekiri kuwa nao. Maji yamefika Jarar. Yanapita mbele ya nyumba ya Wasayo, yanajaza mashamba, na hakuna mche hata mmoja wa kutia ndani. Hanifan, wanasema, katoka kayatazama, karudi ndani.

Ofisi imeleta tangazo. Hali ni shwari, mfereji wote una maji, wakulima waendelee na kilimo. Meneja kaliweka mbele yangu, kaenda kuwaandalia askari chai na biskuti.

Nimeweka wimbo.

Sabhagi kaingia sasa hivi. Binti wa Mzee Khamiso. Katembea kutoka langoni, miguu vumbi mpaka magotini. Hakusalimia. Kakaa kiti cha wageni, mbele ya maiki ya pili, kana kwamba nilimwalika.

– Nataka kusema, dada. Sasa hivi. Watu wote wasikie.

– Useme nini?

– Baba yangu alikuwa nani. Nani alimvunja mkono, na nani alimuua.

Nikamuuliza kama aliwaona. Alikuwa chini ya kitanda, kasema, mlango uko wazi, aliona miguu tu, miguu mingi. Ila mmoja aliinama kuokota ufunguo.

– Unamjua?

– Jina silijui. Uso naujua. Ningemtambua popote.

Kisha akanitazama, namna ile ya siku ile ya maziwa mgando, bila kupepesa.

– Ana macho yako.

Nimefungua daftari hili kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kushika. Chetan kasikia yote kupitia spika. Kapauka. Hasemi fungua, hasemi funga. Sabhagi kajisogeza karibu na maiki, kajifuta midomo kwa pembe ya mtandio, ananiuliza kama aanze.

Wimbo unaelekea mwisho. Kidole cha Chetan kiko juu ya swichi, anasubiri ninyanyue mkono afungue maiki, kama kila siku. Mkono wenyewe ndio huu unaoandika