Simu haina mkwe

Nyangeta, mjukuu wangu, kichwa alichokupa Mungu unakitumia kusukia nywele tu?

Leo Jumatatu. Upepo wa ziwa unavuma tangu asubuhi, nguo zote kambani zimejaa mchanga, na mimi nimejaa hasira. Ukurasa huu wa mtandaoni ulinifungulia wewe mwenyewe, kwa hiyo utausoma. Nimeishia darasa la nne, lakini haya naandika kwa kidole changu. Hakuna mashine inayonisahihisha.

Juzi Jumamosi walikuja watu wa mahari hapo Kamunyonge, kwenye nyumba ya wageni unakofanya kazi. Upande wa kijana umetoka Bunda, upande wa binti umetoka Butiama. Mimi nilikuwa jikoni, mmeniita nisonge ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, maana wa kwenu una madonge. Nikachungulia ukumbini.

Meza moja ndefu! Mama wa binti umemkalisha uso kwa uso na yule kijana, mkwe wake, sahani ya samaki sato katikati.

Mama wa watu akajifunika kanga usoni, akasimama. Shangazi wa binti akasimama. Upande wote wa Butiama ukatoka, ugali bado unafuka moshi. Hata maji ya kunawa hawakugusa. Habari ya mahari ikafia hapo.

Nilipokuuliza ukanijibu, "Bibi, simu ndiyo ilipanga. Ilisema meza moja inaleta upendo."

Simu ina mkwe?

Wewe si mgeni. Umekulia kwangu Bugwema. Baba yako, mkwe wangu, mpaka leo hajawahi kuniona natafuna. Ulikuwa unajua, Nyangeta. Ulijua, ukanyamaza, ukaitii simu.

Kinachoniuma ni kwamba wewe ulikuwaga fundi. Mwaka wako wa kwanza kazini walikuja wageni kama hawa hawa. Ukakalia ndoo nyuma ya jiko, ukawaza. Ukatundika vitenge barazani upande wa ziwa, kina mama wakala huko kwa raha zao, wanacheka mpaka wanaume wakawaonea wivu. Nani alikufundisha? Hakuna. Na wale samaki furu wa kuoka kwenye jani la mgomba na ukwaju, ulibuni wewe. Watu walitokaga Bunda kuwafuata.

Siku hizi mgeni akiuliza kuna nini, unampa karatasi iliyotungwa na hiyo mnayoita akili mnemba. Vyakula hata wewe hujawahi kuvionja!

Na mimi nina kosa, niseme. Ulipoanza kuwaandikia wageni makaribisho matamu kwa hiyo simu, niliwatambia wenzangu kanisani. Nikasema mjukuu wangu ana akili. Kumbe akili ilikuwa imelala.

Sasa tajiri wako amesema wazi: Jumamosi hii wa Butiama wasiporudi wakala, kazi huna. Na yule binti aliyekuwa anaolewa analia kwao, hana kosa lolote.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho alfajiri simu hiyo iache juu ya kabati langu. Nenda Butiama, umpigie magoti yule mama, umuulize kwa mdomo wako angependa kukaa wapi na kula nini. Ukirudi, kalia ndoo yako, uwaze.

Vile vitenge vyako vya zamani nimevifua, viko kambani. Toka humo chumbani sasa hivi ukavikung'ute mchanga.