Mchoro wa Chesisi Uliopata Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Mchoro wa chesisi unaoitwa wangu si wangu. Nimeficha hilo karibu miaka hamsini. Leo ndiyo mara ya kwanza kuliandika.

Asubuhi uji wa wimbi, vidonge vinne, miguu juu ya stuli. Imevimba tena. Juzi daktari alizungumza na binti yangu Nekesa kando, mlangoni. Nilisikia. Moyo umechoka. Sawa.

Saa nne akaja Simiyu, mwenyekiti wa wanafunzi wangu wa zamani. Wanataka kuipa karakana ya shule jina langu. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ukutani watatundika mchoro wa chesisi ya landrova, ile mifupa ya chuma inayobeba gari zima, ule ambao shule nyingi za Kitale hadi Bungoma ziliunakili. Pembeni una jina langu.

Nikamwambia sitaki.

"Wacha hizo, Mwalimu. Ati unataka tungoje ufe ndio tukusifu? Na hutasikia kitu bana!"

Akacheka. Nami nikacheka. Mwoga.

Jumatano, 5 Machi

Niandike wazi.

Mchoro ni wa Barasa, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne wakati huo. Baba yake alikuwa dereva kwenye shamba la mzungu mmoja huko Kwanza. Shambani kulikuwa na landrova ya zile za kwanza kabisa, na kando yake jeep kuukuu ya jeshi.

Mimi nilikuwa nimetoka masomoni ng'ambo. Tai shingoni kila siku. Nilifundisha kwamba chesisi ya landrova ilikunjwa kwa mashine kubwa kiwandani. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilidhani tu, na nilichodhani nilikifundisha kama sheria.

Kwenye mtihani nikauliza: chesisi hii iliundwaje? Barasa akajibu kwamba waliounda hawakuwa na mashine hiyo. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha juzi tu na vyuma vilikuwa haba. Walikata mabamba bapa kuwa vipande virefu, wakachomelea vinne pamoja hadi vikawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Akaongeza kwamba gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya jeep. Ushahidi wake ulikuwa kamba. Alipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kamba moja, bila kuongeza wala kupunguza, ilitosha magari yote mawili. Aliandika: "Huyu amezaliwa na yule."

Yote kweli.

Akaambatisha mchoro wa wino, safi kuliko wowote niliowahi kuchora mimi. Nikampa sifuri. Kwa kalamu nyekundu: Umebuni.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua bado. Trekta zinalima kwa jirani, vumbi hadi ndani ya chai.

Kulikuwa na nafasi moja ya chuo cha ufundi Nairobi. Alama za somo langu ndizo zilizoamua. Akaenda mwingine. Barasa akarudi kwao Chwele.

Miaka miwili baadaye mkaguzi akatangaza kuja kuona vifaa vya kufundishia. Sikuwa na kitu. Nikafungua droo, nikautoa mchoro wa Barasa. Karatasi ya kunakilia huvumilia wembe: ukikwangua taratibu, wino hutoka na karatasi haitoboki. Nilikwangua jina lake. Nikaandika langu.

Mkaguzi alisifu mno. Mwaka uliofuata nikawa mwalimu mkuu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Pumzi fupi. Nekesa aliporudi nilimwambia habari ya wembe. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja.

"Baba, si umpigie simu tu?"

Nilisema hapana. Lazima anione uso.

Kumpata hakukuwa kazi. Chwele nzima inamjua. Anaunda matrela ya trekta.

Jumanne, 11 Machi

Tumekwenda. Nekesa aliendesha polepole, tukapitia Kimilili. Tulisimama mara mbili nitapike.

Barasa ana mvi tele na tumbo dogo la mtu anayekula vizuri. Alinitambua kabla sijashuka.

"Mwalimu! Njooni muone, huyu ndiye mzee aliyenipa sifuri!"

Mafundi wake wawili wakaacha kazi, wakaja kunishika mkono kwa mikono miwili. Mmoja akasema, "Kumbe ni wewe? Sisi huyu tunamwita Fundi Sifuri. Ukimwita Barasa haitiki." Wakacheka wote. Barasa ndiye aliyecheka zaidi. Amebeba sifuri yangu maisha yake yote na ameigeuza mzaha.

Uani kulikuwa na landrova kuukuu imenyanyuliwa juu ya magogo, chesisi imeoza. Pembeni mpya aliyoiunda: mabamba manne yaliyochomelewa, yamenyooka kama rula. Kwa macho na mikono tu. Hakupata kusomea ufundi chuo chochote.

Nilimwomba tukae kando. Nikamweleza mchoro, mkaguzi, wembe, cheo.

"Lile jina langu nililiandika kwa kalamu ya kuazima," akasema. Kisha: "Mwalimu, nikuulize kitu kimoja tu. Siku ile unasahihisha, ulijua ni kweli?"

Nikajibu sikujua. Nikasema nilikuja kusoma kitabuni baadaye.

Akapumua. "Basi hiyo ni makosa tu. Hata mimi hukata bamba vibaya. Wembe ni kitu kingine, lakini umekuja mwenyewe. Nimekusamehe."

Akaniletea kiti chenye mto.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala kutwa. Nekesa anasema uso wangu umetulia tangu Chwele. Haoni vizuri. Msamaha nilioupata ni wa mtu mwingine, mtu aliyekosea.

Jumamosi, 15 Machi

Walinibeba na kiti hadi mbele. Nilisema maneno machache: mchoro ni wa Barasa, nililikwangua jina lake, karakana ipewe jina lake. Kisha Simiyu akasimama, akaanza kupiga makofi, na umati wote ukafuata. Walimpigia Barasa, niliyekuwa nimemwalika, na hiyo ni haki yake. Lakini walinipigia na mimi. Mama mmoja alinishika bega: "Mzee, watu wakweli kama wewe wamekwisha."

Barasa alilia. Alinikumbatia mbele ya wote.

Nilitaka ardhi inimeze.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imenyesha alfajiri, ya kwanza mwaka huu. Watu wako mashambani wanapanda. Nimekunywa uji nusu kikombe.

Nimeandika barua ya mistari sita. Nekesa ataipeleka Chwele kesho na kumkabidhi Barasa mkononi. Sijamwambia kilichomo. Barasa akitaka kuurudisha msamaha wake, ni haki yake. Naandika hapa yale yale niliyomwandikia.

Jumapili ile ya mtihani, baada ya kusoma jibu lake na kabla ya kulitia alama, nilishuka karakana peke yangu mchana. Nililala chali chini ya landrova ya shule, tai ikiwa shingoni. Nilikwangua tope kwenye chesisi na kupitisha kidole kwenye kona, moja baada ya nyingine. Kila kona ilikuwa na mshono wa kuchomelewa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa sahihi. Nilifuta mikono, nikapanda ofisini, nikaandika sifuri.