Godoro la Talha

Munira, umekuta chumba cha mwanao hakina godoro? Usianze kupiga kelele kwamba kaliuza tena. Nampeleka nyumba ya soba, Tegeta, akaachishwe madawa; huko kila mtu huenda na godoro lake. Maharage yameiva, yaunge kwa nazi. ~~Kaka yako usimwambie.~~ Mwambie tu, mie nimechoka kuficha.

Nilimdanganya tunakwenda hitima, akavaa kanzu yake vizuri. Bajaji imefika, Talha akanikuta nahangaika kulifunga godoro kamba. Akacheka: “Bibi, hitima gani watu wanakwenda na godoro?” Nikaendelea kukaza kamba. Akalibeba mwenyewe kichwani, machozi yanamtoka. “Ungesema tu soba, Bibi. Mie nataka kwenda tangu Ramadhani, naona haya kuomba.”

Mama yako