Koki ya Shaba

4 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Nadhani masikio yanakusumbua kama kawaida na mengine yote mazima. Mimi sijambo, ni miguu tu, maana kazi ya mapokezi ni kusimama kutwa. Mama msalimie sana, mwambie ninakula.

Ningekupigia simu, lakini tutaishia kupayukiana na majirani wafaidi.

Baba, nina kazi yako. Daktari wetu wa meno ana tangi kubwa la samaki wa maji ya chumvi pale watoto wanapongojea zamu. Mtoto akiingia analia, akiwaona samaki ananyamaza. Sasa chujio lake limekufa, kipuri hakipatikani, na daktari anataka kuligawa tangi. Nikaropoka kwamba baba yangu ni fundi bomba, atatengeneza. Akaniangalia, akasema haya, na alete.

Mchoro huu hapa. Bomba pana linasimama wima, pampu inasukuma viputo vidogo, uchafu unapanda na povu mpaka kwenye kikombe cha juu. Maji yanashukia kwenye pipa la sponji na kokoto, wanakokaa vijidudu wanaokula uchafu uliobaki.

Sharti ni moja. Maji yasiguse chuma cha aina yoyote, hasa shaba. Chumvi inaila, na shaba kidogo tu inaua kamba na konokono wa humo ndani. Plastiki tupu, Baba. Najua unavyoidharau.

Mama anasema tangu wakuachishe kazi unashinda na redio usiyoisikia. Nisaidie basi, na mimi nionekane nina baba.

Kitindamimba wako


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Masikio yako palepale, hayajanitoroka. Mama yako anaendelea vizuri, ila anasema sebule yake imegeuka karakana, na kweli imegeuka.

Mtambo umekwisha. Niliujaribu uani kwa maji ya chumvi ya jikoni, povu likapanda kama nimelitia hamira. Watu walikuja kutazama. Yule jirani aliyetangaza kwamba nimekwisha naye alikuja, akajidai amefuata kiberiti. Akasimama hapo mpaka chai ikapoa, kiberiti chenyewe akakisahau.

Nimeukabidhi kwa watu wa mizigo, umefungwa kwa magodoro ya zamani. Koki ya chini nimeifunika kwa mpira. Usiufungue, nimeshaipima mwenyewe. Ukiichezea maji yatakwenda ovyo.

Nimefurahi, mwanangu. Nilikuwa nimesahau mikono inatumikaje.

Baba yako


10 Machi

Baba,

Shikamoo, na pongezi. Mama naye nampongeza kwa kuvumilia.

Mtambo unafanya kazi. Maji yamekuwa meupe mpaka mtoto mmoja aliuliza kama samaki wanaelea hewani. Daktari anamwonyesha kila mgonjwa: "Huu katengeneza mzee wa huyu binti." Na mimi nakaa pale kichwa juu, usiniulize.

Anayekupenda zaidi ni mama msafishaji, tunamwita Mama Ndoo. Kile kikombe cha povu kinanuka kama soksi za wiki, sisi wengine tunakipita tumeziba pua. Yeye anakimwaga kila asubuhi, na wala si kazi yake. Anasema, "Mzee kajitaabisha, na sisi tujitaabishe kidogo."

Kitindamimba wako


28 Machi

Baba,

Shikamoo. Poleni na joto. Huku tuna msiba mdogo.

Kamba wote wamekufa. Wakafuatia konokono, wakadondoka kwenye kioo mmoja mmoja. Lile ua la baharini lenye vidole, ambalo watoto hulipungia mkono, limesinyaa limekuwa kama kitambaa kilichotupwa. Samaki wenyewe ni wazima.

Daktari aliniuliza kama ni mtambo. Nikasema siyo, hata hajamaliza sentensi. Nikamwambia Mama Ndoo anapuliza dawa ya vioo, na pengine ameipulizia karibu na tangi. Mimi nilikuwa nimemwona na chupa, Baba, sikuzua. Akaitwa. Akasema kioo cha tangi anakifuta kwa maji matupu, tangu siku ya kwanza. Halafu akaniangalia, nami nikafungua daftari la wagonjwa.

Daktari alikuwa na hasira, akamwambia aende. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani kwangu.

Imeniuma kidogo. Lakini usiwe na wasiwasi, jina lako halijaguswa.

Kitindamimba wako


20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yangu haikujibiwa, na Mama kwenye simu anasema uko mzima ila huongei. Sasa najua ni kwa nini.

Tulileta kamba wengine, wakafa nao. Jana nikaufungua ule mpira. Koki ya shaba, Baba. Imeota ukijani. Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi, nikajisikia kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni. Nimeweka ya plastiki, maji yote nimeyabadilisha, sijamwambia mtu.

Nilikasirika. Nilikueleza kwa maandishi na kwa mchoro. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu, na aibu yenyewe ni yangu kuliko yako. Wewe ulikosea koki. Mimi nilimtoa mtu kazini ili watu waendelee kumsifu baba yangu.

Ila sasa yameshapoa. Daktari hamtaji tena. Mama Ndoo ni mchapakazi, atakuwa ameshapata pengine. Nikisema leo, wewe utaonekana fundi wa ovyo na mimi mwongo, na kamba hawatafufuka. Tufunike kombe mwanaharamu apite. Nakuomba.

Binti yako


27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikuwa na koki ya plastiki, nzuri, mpya. Ikavuja. Ikavuja mbele ya jirani yule, naye akatabasamu tu. Nikawaambia waje kesho. Nina koki ya shaba niliyoitunza miaka, haijawahi kunitia aibu, nikaifunga hiyo. Nilijiambia bahari ina meli na nanga zilizozama na samaki wamo tu, hii moja itafanya nini. Nikaizungushia mpira usije ukaniona mbishi. Unaona, mtu anayeamini alichofanya hakifuniki.

Barua yako ya Machi niliisoma nikafika kwenye kamba, nikajua. Nikaendelea nikafika kwenye aproni. Tangu hapo nimekuandikia na kuchana, nimekuandikia na kuchana. Mama yako alidhani naandika wosia.

Nimeona aibu nyingi maishani. Nimefukuzwa kazi nikiwa na mvi. Lakini hii ya kwamba kuna mwanamke hana kazi kwa ajili ya koki yangu, na alikuwa akinimwagia uchafu wangu kila asubuhi, hii hainipi usingizi. Kombe lako lina mtu ndani, mwanangu. Siwezi kulifunika.

Ninakuja Jumanne. Nitaongea na daktari mwenyewe. Wewe kaa kimya, sitakutaja. Na kama utaona vibaya kusimama na mimi pale mbele za watu, usisimame, nitaelewa.

Baba yako


8 Mei

Baba,

Shikamoo. Najua ulifika nyumbani salama, Mama ameniambia. Hakuniambia kingine, na mimi nilishindwa kuuliza.

Nilikuwa stoo. Uliponiulizia na ukaambiwa nimetoka kidogo, nilikuwa nyuma ya ule mlango, katikati ya maboksi ya glavu. Wewe hujisikii unapoongea, kwa hiyo chumba chote kilisikia, wagonjwa, watoto, na mimi. Ulisema wewe ndiye uliyewaua wale wadudu, kwamba ulionywa ukafanya kiburi, na yule mama hana kosa. Daktari akauliza, binti yako alijua? Ukasema, "Hakujua. Angejua angesema."

Baba, nilisikia hilo neno na bado sikufungua mlango. Nilikuona kwa dirisha dogo ukimuuliza mlinzi njia, na kofia umeivua, umeishika mkononi. Nikasubiri mpaka ukapotea. Umenilea vizuri na nikafanya hivyo.

Kesho yake nilimwambia daktari kwamba nilijua zaidi ya wiki nzima, na kwamba dawa ya vioo niliisema mimi ili mtambo usalimike. Akasema rudi mapokezini, watu wanangoja. Hakunifukuza. Nadhani ningefukuzwa ingekuwa rahisi. Mama Ndoo ameitwa arudi, anaanza kesho.

Jioni nikaenda kwake, nikasema nisimsubiri aje anikute nimesimama mapokezini kama hakuna kitu. Ni chumba kimoja, nguo za watu zimejaa kwenye kamba mpaka mlangoni. Alikuwa akifua za kulipwa tangu alipoondoka. Kile kibarua kingine nilichokuandikia kwamba atakuwa amekipata ndicho hicho. Nikaanza kuomba radhi, maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu njiani. Akaninyamazisha kwa mkono wenye povu.

"Baba yako alikaa hapo hapo ulipokaa," akasema. "Alitoka kwa daktari akaja moja kwa moja. Hakuwa na maneno mengi. Alilia, nami nikalia, nikampa maji ya kunywa."

Nikamuuliza kama amesamehe. Akakamua shuka, akalitundika, akalinyoosha pindo zote mbili kabla ya kunijibu.

"Yeye nimemsamehe. Wewe nitakuzoea."

Nilikaa kidogo, sikujua niondoke vipi. Mwishowe nikamshikia upande wa pili wa shuka lililofuata, tukalikamua. Kesho zamu yetu ni moja. Nitatangulia kufika.

Binti yako