Mgeni wa Kongamano

Malangali, Sumbawanga
Agosti 1994

Mpwa wangu Evodia,

Mahindi tumevuna, mama yako hajambo.

Nilikwenda Ilemba kumpa Minza mwaliko wenu wa kongamano la haki za wafugaji hapo chuoni. Alifurahi, kwani tangu yeye na wafugaji wenzake wafukuzwe malishoni hakuna aliyetaka kumsikiliza. Akauliza ataongea kwa muda gani. Ikabidi nimweleze mlivyopanga: watahutubu wasomi, kwa Kiingereza, yeye atakaa mbele atambulishwe.

Haki gani hiyo, mwanangu, inayomziba mdomo mwenye shida?

Minza alicheka. "Basi, mzee Zenon, wapelekee ng'ombe mmoja. Huyo atasimama vizuri wampige picha."

Nasikitika, maana nia yako ilikuwa njema, nami nilitamani sana wamsikie. Haji.

Mjomba wako,
Zenon