Namba ya Lori la Mwisho

Dada mpendwa,

U hali gani huko shuleni kwako, na watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, ila usingizi umenikimbia. Shemeji anaendelea vizuri. Jana alinitania kwamba nimekonda kuliko yeye aliyelazwa. Basi usishtuke, soma polepole mpaka mwisho.

Jumatatu anaitwa kwa meneja. Wanasema yeye, msimamizi wa ghala, ndiye aliyeruhusu mahindi yenye maji yaingie kwenye kihenge, lile pipa kubwa la bati, na kwamba kazi hana tena. Naye amekubali! Siku zote za kabla ya ajali zimemtoka kichwani. Daktari alisema seli za ubongo hazina akiba: zikikosa oksijeni dakika chache zinaanza kufa, hata kama mtu katoka kunywa chai na mkate sasa hivi.

Wewe ulinieleza hayo zamani, mezani kwa mama. Ulisema hata punje iko hai, seli zake zinachoma sukari kwa oksijeni kama zetu, zinatoa nguvu, joto, maji na kaboni dayoksaidi. Ikiwa kavu inapumua kidogo sana; ikiwa na maji inapumua kama mtu aliyetoka mbio. Nikakuuliza kama inakoroma pia, ukanibandika jina la Mzaha. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yakiendelea mle ndani. Shemeji alisikia harufu ya uchachu, akajifunga kamba, akashuka kuvunja mabonge ya mahindi yaliyoshikana. Hata chini hakufika, akalegea. Wapakiaji wawili walitaka kumfuata, nikawafokea wasithubutu, nikafungua mlango wa chini, nikawasha feni, tukamvuta kwa kamba yake.

Hospitalini ulinikumbatia ukalia, ukasema nimekuokolea mume, kwamba somo lako liliniingia. Liliingia, dada. Lakini sikuwahi kwa akili. Niliwahi kwa sababu nilikuwa naliogopa pipa lile siku kumi nzima.

Kupima unyevu ni kazi yangu. Siku mahindi yale yalipoletwa mawingu yalikuwa yametanda, malori saba kwenye foleni, madereva wananipigia honi na kunitolea maneno. Lori la mwisho sikulipima. Niliandika unyevu asilimia kumi na tatu, namba niliyoipima kwenye lori lililotangulia. Tangu hapo kila asubuhi nilipapasa lile bati, nikalikuta na joto, nikajiambia ni jua tu.

Juzi shemeji aliniuliza, kwa upole wake ule ule, kama ni yeye aliyeniambia nisipime. Nikamjibu sikumbuki. Yeye ndiye aliyepoteza kumbukumbu, na mimi ndiye niliyesema sikumbuki. Ee dada, aibu niliyoisikia!

Nakala ya barua hii nimeshampa katibu wa meneja, amegonga muhuri wa kupokea, kwa hiyo siwezi tena kuirudisha. Nikitoka posta naenda kumwambia shemeji, uso kwa uso. Usinijibu kwa haraka kama moyo haujataka.

Wasalimie sana wapwa zangu. Kama wataniulizia, waambie ukweli.

Ni mimi mdogo wako,
Mzaha